Upele Ulionyamazishwa

Kila asubuhi, kwenye geti la kiwanda cha minofu ya sangara, Kokulinda alinyoosha mikono, akaigeuza, mlinzi akaikagua kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Mwenye vipele aliambiwa asirudi. Na mshahara ule ndio uliolisha nyumba yao ya mtaa wa Mirongo tangu mumewe apunguzwe kazi, akatokomea machimboni.

Ndiyo maana upele ulipomtoka katikati ya vidole, aliikataa dawa ya salfa ya mama yake, Bernadetta.

"Inanuka, mama. Watanisikia kabla sijafika."

Akanunua krimu katika duka la dawa lililofunguliwa juzijuzi, lililojaa vitu vya ng'ambo. Wekundu ukafifia, mikwaruzo ikakauka, akalala usingizi.

"Kumbe biashara huria nayo ina faida," Bernadetta akasema. Naye akampaka mjukuu wake Projest, mtoto wa Kokulinda aliyekuwa bado ananyonya na aliyekwisha kuambukizwa upele: mgongo, makunjo ya mapaja, hadi nyayo. Mtoto akaacha kulia. Bibi akamshukuru Bikira Maria.

Siku zikapita. Nyayo za mtoto zikaota magamba ya kijivu, yakawa yanapukutika kwenye kanga kama unga wa muhogo. Hakujikuna hata kidogo. Kisha magamba yakapasuka, yakatoa usaha, homa ikapanda, akakataa ziwa.

Kwenye zahanati, muuguzi alimchoma mtoto sindano, akaitazama ile tyubu ya krimu.

"Bibi, kule kuwashwa ni mwili unapigana na wadudu wa upele. Krimu hii imeulaza mwili. Wadudu hawakulala, wamezaana."

"Lakini alitulia, mwanangu."

"Ndiyo, alitulia." Akamkabidhi chupa ya dawa ya maji. "Jipakeni wote nyumbani, krimu mwitupe. Akiiacha krimu, mikono ya mama yake itavimba, iwe myekundu kwa muda. Mvumilie."

Jioni Kokulinda aliishika tyubu, hakutaka kuiachia.

"Nitapaka mikono tu, mama. Mikono tu."

"Hiyo mikono ndiyo inayombeba mtoto."

Kokulinda akaiweka tyubu chini.

Haikupita wiki, mlinzi hakuhitaji hata kumgeuza viganja. "Dada, kaa pembeni, wenzako wapite."

Alirudi uji wa asubuhi ukiwa bado jikoni, akaketi kizingitini, akajikuna mpaka damu. Bernadetta alikuwa amemwinamia Projest, aliyelala mdomo wazi, homa ikiwa bado haijamwachia. Mtoto aliinua kidole, akajikuna sikio, kidogo tu, mkono ukaanguka.

Bernadetta akasogeza kigoda, akangoja ajikune tena.