Kabla Mgeni Rasmi Hajafika

Mambo yaliharibika siku ya Jumamosi, tarehe kumi na tisa Julai, mwaka jana. Kingori hahitaji kalenda kuikumbuka siku hiyo. Anakumbuka hadi saa. Saa moja na nusu asubuhi wanawake kumi na wawili walikuwa wamepangwa mstari kwenye nyasi, ukingoni mwa handaki la zamani, mabega wazi, ukungu wa Julai umewafika kiunoni. Gari la kwanza la wageni lilikata kona saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kati ya saa hizo mbili ndipo walipomuua mke wake.

Hivyo ndivyo anavyosema: walimuua. Ukimwambia taratibu kwamba daktari aliandika nimonia, atakuuliza kama nimonia ilishuka yenyewe kwa miguu kutoka mlimani. Wamucii alianza kukohoa Jumapili, Jumatano akalazwa, na Jumatatu iliyofuata Kingori akakabidhiwa nguo zake zimekunjwa vizuri. Siku tisa tu, hata kumi hazikufika.

Kulaumu wakubwa hakukuanza siku hiyo. Mbolea ikichelewa ni wao, daraja likibebwa na maji ni wao, na mara nyingi alikuwa hakosei. Aliacha shule darasa la tatu, akaishi kwa kukata fensi za watu za michongoma, kutoka Nyeri hadi karibu na Kutus, na panga lilikuwa limeshamnyang'anya kucha ya kidole gumba cha kushoto. Mtu wa namna hiyo hapewi nafasi ya kusema mkutanoni. Anaambiwa akae, asubiri, chai inakuja.

Basi mwezi wa tano mwaka huu, siku ya Jumanne, alipigiwa simu na msichana anayeitwa Lynn, katibu wa ile kamati ya mjini iliyopanga wikendi ya mwaka jana.

"Guka, tunapanga ya pili," alisema, akimwita babu kwa Kigikuyu. "Wageni wamependa sana. Ijumaa ni muziki, magitaa pale hotelini. Jumamosi ni historia na utamaduni. Jumapili asubuhi ni soko, halafu wanarudi Nairobi. Na guka, tumekubaliana Jumamosi iitwe Siku ya Wamucii."

"Nani amekubaliana?"

"Kamati."

"Hiyo kamati iko na jina ama inaitwa tu kamati?"

Lynn alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka simu iishe. Akasema mkutano ni Alhamisi, saa nne.

Kingori alifika saa tatu na nusu, amevaa koti la mazishi, kiondo cha mke wake begani. Ndani ya kiondo kulikuwa na kitu kimoja tu, sweta ya kijani ambayo Wamucii aliifuma kwa mikono yake mwenyewe, shingo ikatoka nyembamba kuliko alivyotaka, naye akakataa kuifumua. Karibu mwaka mzima sweta hiyo ilikuwa imening'inia nyuma ya mlango. Sasa alitaka iwekwe mezani, mbele ya hao wakubwa, waiangalie.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa kulia chakula wa hoteli ya Mutahi, mwenyekiti wa kamati. Mutahi ni mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kuombea wagonjwa. Karibu yake alikaa Lynn na kompyuta yake. Upande wa pili alikuwa Fuad, fundi wa spika kutoka Majengo, ambaye hukodisha vyombo vyake kwa harusi, kampeni na matanga bila ubaguzi. Na pembeni, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu, alikaa Phyllis, rafiki wa Wamucii tangu utotoni, ambaye sasa ndiye anayeongoza kikundi cha waimbaji.

"Mzee Kingori, karibu sana," Mutahi alisema. "Kwanza kabisa, pole tena."

"Pole ya mwaka jana bado niko nayo. Sijaimaliza."

Fuad alikohoa. Phyllis akasema kwa sauti ya chini, "Baba Nyawira, keti kwanza."

Kingori akaketi. Akatoa sweta, akaitandaza mezani kati ya vikombe.

"Niko na swali moja," alisema. "Nani alisema wavue sweta?"

Mutahi alimtazama Lynn. Lynn alitazama kompyuta.

"Guka, mimi nilisoma tu programu. Iliandikwa mavazi ya kitamaduni pekee. Wapiga picha hawakutaka sweta."

"Iliandikwa na nani?"

"Ilitoka kwa kamati ndogo ya utamaduni."

"Hiyo ndogo nayo iko wapi?"

"Ilivunjwa," Mutahi alisema kwa huzuni, kana kwamba kamati hiyo nayo ilizikwa.

"Haya. Na nani alisema wakae kwa baridi mpaka saa tisa?"

Hapo Fuad aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mzee wangu, mimi nilisema waanze. Wallahi nilisema. Ilikuwa saa tano, nikaona kina mama wanatetemeka, nikamwambia huyu binti, waimbe basi, wakaote moto. Nikaambiwa haiwezekani kuanza kabla ya mgeni rasmi."

"Na mgeni rasmi alikuwa wapi?"

"Mheshimiwa alikuwa Kutus," Lynn alisema. "Alisimamishwa na watu wa soko, akahutubia. Nilipiga simu mara nane, guka. Kila mara walisema yuko njiani."

"Njiani," Kingori alirudia. "Watu wenu huishi njiani."

Phyllis alivuta pumzi. "Baba Nyawira, ngoja nikuambie ukweli. Hata kama wangetuambia tuanze, sisi tungekubali? Hebu fikiria. Mkubwa afike apate tumeshamaliza, tunakunywa chai! Tungeambiwa hatuna adabu. Wamucii mwenyewe alisema tungoje. Alituambia, 'Tumengoja wangapi sisi, huyu naye hatatushinda.' Tukacheka. Mpaka meno ikagongana tukiwa bado tunacheka."

Kingori alijua ni kweli. Hakuna harusi wala mazishi aliyowahi kuhudhuria katika milima hii yaliyoanza kiti cha katikati kikiwa kitupu. Watu wangekaa juani, wangekaa mvuani, mchungaji angeimbisha nyimbo hadi zimwishie, lakini hakuna ambaye angesimama aseme tuanze. Hata yeye alikuwepo siku hiyo. Alikuwa nyuma ya kamba pamoja na wanaume wengine, tangu asubuhi hadi saa tisa na dakika ishirini, na hakusema tuanze.

Mutahi alidhani mzee ameelewa. Akamwashiria Lynn, naye akasukuma karatasi mbili mbele ya mzee.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi, na kila aliyekuwa mezani alilijua. Ule wimbo wa handaki ulianzia kwa wanawake waliolazimishwa kulichimba wakati wa hali ya hatari ya mkoloni. Mama yake Wamucii alikuwa mmoja wao. Ndani ya wimbo yanaitwa majina ya walioanguka humo wakafukiwa humo, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wake. Wamucii alifundishwa na mama yake, na hakuwa amemaliza kuwafundisha wengine. Siku ile, sauti imeshaanza kukwaruza, aliuimba wote mbele ya mheshimiwa, na Fuad akaurekodi kwenye mashine yake. Hakuna nakala nyingine.

"Mimi najua majina saba," Phyllis alisema. "Yeye alijua ishirini na sita. Hii sahihi usipoweka, mimi nitaimba saba mpaka nife, na hao wengine ni kama hawakuzaliwa. Sikuombi kwa ajili ya hawa." Alielekeza kidevu kwa Mutahi. "Nakuomba kwa ajili ya wale wako chini."

"Na mzee wangu," Fuad akaongeza, "mimi sauti ya marehemu siwezi kuitoa kwangu bila ruhusa yako. Hata wakinifukuza kazi."

Kingori alizisogeza karatasi karibu. Herufi ndogo hakuziweza. "Ya kwanza ni wimbo. Na hii?"

"Hiyo ni picha," Lynn alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikachangamka. "Guka, ngoja uone. Ni nzuri sana."

Alisimama, akafungua bango lililokuwa limekunjwa nyuma ya kiti chake, akalishika juu kwa mikono miwili. Juu yake iliandikwa kwa rangi nyekundu: NYERI INAKUITA. MUZIKI, HISTORIA, UTAMADUNI. Chini ya maneno hayo alikuwa Wamucii.

Alikuwa ameinua mikono yote miwili juu. Kichwa kimetoka tu, nywele zimesimama ovyo, mdomo umefunguka nusu, na hewa ya mdomo wake inaonekana nyeupe kwenye baridi. Juu ya kichwa chake kitu cha kijani kilikuwa kinapepea. Mtu asiyejua angesema ni mama wa Kinyeri anacheza, anapunga leso, anawakaribisha wageni kwa furaha zake zote.

"Ona vile alikuwa na raha," Mutahi alisema.

Kingori alisimama. Alilisogelea bango hadi pua ikakaribia kuligusa. Pembeni kabisa, pale mkasi wa mtengeneza bango ulipokosa kukata vizuri, palikuwa na mikono mingine miwili. Mikono ya mwanamume. Ilikuwa imeshika kile kitu cha kijani, inakivuta kwenda juu. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na kucha.

Phyllis alikitazama kidole kwenye bango. Kisha akakitazama cha Kingori, aliyeegemeza mkono ukingoni mwa meza. Akavuta kitambaa chake mbele.

Karibu mwaka mzima Kingori alikuwa amesimulia habari hiyo kanisani, kwenye kiosk, kwenye foleni ya mbolea. Walimvua nguo, alisema, walimvua kama kuku. Wala hakuwa anadanganya, kwa vile alivyoikumbuka. Sasa ilimrudia yote, taratibu, kama mguu uliokufa ganzi unavyorudi na maumivu yake. Lynn akiwa na kipaza sauti: "Mama zetu wote, sweta na koti pembeni, picha zinaanza!" Wanawake wakinung'unika, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Wote wakimwangalia Wamucii, kiongozi wao. Wamucii akimwangalia yeye, ng'ambo ya kamba.

Naye ndiye aliyeruka kamba. Naye ndiye aliyesema, "Vua, bwana, usituaibishe. Hawa ni watu wa ofisi, wanajua kazi yao." Shingo ya sweta ilikuwa nyembamba, ikakwama masikioni, naye akaivuta kwa mikono yote miwili, akicheka. Kisha akaishika siku nzima, imekunjwa chini ya kwapa, ikimpasha yeye joto.

"Guka?" Lynn aliuliza. "Umeipenda?"

Kingori alirudi kitini. Aliichukua kalamu, akaishika kama anavyoshika kijiti cha kuchokolea udongo kwenye panga. Kwenye karatasi ya wimbo aliweka sahihi yake, herufi tatu kubwa, polepole. Phyllis akafunika uso. Karatasi ya picha akaiacha vilevile ilivyo, kalamu ikiwa juu yake.

"Nisomeeni hiyo programu ya mwaka huu," alisema. "Ya Jumamosi."

Lynn aliliegemeza bango ukutani, akasoma kutoka kwenye kompyuta. "Saa mbili asubuhi, kina mama wafike na wajipange. Saa tatu, matembezi ya handaki. Saa nne, kuwasili kwa mgeni rasmi. Saa nne na nusu, wimbo."

"Mgeni rasmi ni nani?"

"Bado anathibitishwa."

"Na sweta?"

Lynn alipandisha ukurasa, akashusha, akapandisha tena. "Hapa bado imeandikwa mavazi ya kitamaduni. Lakini hiyo tunaweza kuongea, guka."

Kingori aliitazama sweta mezani. Kulikuwa na neno moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata Nyawira binti yake. Siku ile, kichwa chake kikiwa bado kimefunikwa ndani ya sufu, Wamucii alimuuliza kitu. Sauti ilitoka imezibika, kama ya mtu aliye chini ya blanketi. Yeye aliendelea kuvuta. Alipoishinda shingo ya sweta, uso ukatoka, kamera ikalia, na wote wawili wakasahau kwamba aliulizwa.

Sasa swali hilo aliliuliza yeye. Alimuuliza Mutahi, akamuuliza Lynn, akaligeukia lile bango ukutani. Jikoni vyombo vilikuwa vikioshwa.

"Na wakichelewa je?"