Binti wa Ukoo wa Korongo

Fundi Saa alikuwa bado kwenye mchele. Aliyahamisha magunia kutoka ghala la pwani kwenda ngome ya bondeni, akisogeza kipanya cha kompyuta kwa uangalifu uleule wa kurudisha springi ndani ya saa ya mkono. Jeshi lenye njaa halipandi mlima, na yeye hakuwa mtu wa kukurupuka.

"Shemeji, unapigana vita au unafungua duka la nafaka?" aliuliza Mkasi, uso wake ukiwa umeelekea ukutani. Ndivyo walivyokubaliana: mmoja akicheza zamu yake, mwenzake haangalii.

"Subiri. Napika."

"Unapika mawe."

Walikuwa wakichangia chumba kimoja cha kazi, Fundi Saa na saa zake, Mkasi na cherehani yake, na chumba kilikuwa na dirisha moja tu. Mchonga mihuri aliyekuwa na meza chini ya dirisha hilo alikuwa amehama. Fundi Saa aliitaka nafasi hiyo kwa sababu macho yameanza kumsaliti, skrubu zinamponyoka kama viroboto. Mkasi naye alidai kwamba kushona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi gizani ni kujitafutia upofu. Walibishana mpaka maneno yakawaishia, wakaamua mchezo uwahukumu, ule wa vita vya watawala wa Japani ya kale ambao wao wawili walizoea kuucheza baada ya kazi. Atakayeishika Ngome ya Lango la Mlima majira ya kuchipua yakifika, dirisha ni lake.

Mkasi alichukua Ukoo wa Wimbi, wenye farasi wengi na subira kidogo. Fundi Saa alichukua Ukoo wa Korongo, uliobanwa kati ya mlima na bahari. Ngome yenyewe ilikuwa katikati yao, mikononi mwa mtawala mzee anayeendeshwa na kompyuta.

Kwa nguvu asingeiweza. Mikuki yake ilikuwa ya kuhesabika. Kwa hiyo alikuwa na mpango: amwoze huyo mzee binti wa mtawala wake, aingie ngomeni kama mkwe kabla theluji haijafunga njia. Kidole kilikuwa kinakaribia alama ya pete pale mkewe alipoingia na chupa ya chai, akachungulia begani kwake.

"Huyo msichana ni nani?"

"Binti yangu," alinong'ona. "Yaani, wa mtawala wangu. Namwoza."

"Kwa nani?"

Akamwonyesha. Kwenye skrini alitokea mzee mwenye jicho moja na ndevu hadi kifuani.

"Kwa huyo? Baba watoto, una akili timamu? Huyo ni rika la babu yangu!"

"Ana ngome."

"Basi aioe ngome yake!"

Siri ikawa imemwagika. Mkasi alicheka akiwa palepale ukutani. "Dada, kataa! Nipe mimi. Nina mrithi kijana, meno yote anayo."

Fundi Saa aliuona mtego: wakishakuwa wakwe, farasi wa Wimbi watapita kwake kama wapo kwao. Lakini mkewe alimtangulia.

"Wewe si mjomba wake?" mkewe alimjia juu nduguye. "Kijana wako ni binamu yake!"

"Binamu nyama ya hamu, dada."

"Si kwa binti yangu!"

"Lakini huu ni mchezo tu!"

"Mchezo tu? Na dirisha mnaligombea kwa nini?"

Mwanamke akavuta kiti, akaikodolea macho skrini. "Na hapa chini? Ushujaa, tisini na moja. Majenerali wako wana ngapi?"

"Arobaini na kitu," alikiri Fundi Saa. Yeye ambaye hafungi saa kabla hajakagua kila gurudumu, alikuwa amemkagua kila askari na kila gunia. Lakini binti huyu alikuwa amemsoma hadi kwenye pete tu. Chini ya pete palikuwa na alama ya upanga.

"Mpe jeshi," alisema mkewe.

Fundi Saa alikunywa chai kidogo kidogo. Binti akishindwa, jeshi limekwenda, na dirisha limekwenda nalo. Akaweka kikombe chini, akabonyeza upanga.

Binti akapanda mlima na mikuki yote ya Korongo. Lango la nje likaanguka. La ndani likagoma. Theluji ikaanza kudondoka, na zamu ikawa ya Mkasi.

Mkasi aligeuka akisugua viganja, akaketi, akaona mambo yalivyo. Farasi wake walikuwa karibu kabisa, nyuma ya binti. Pigo moja tu, Korongo kwisha, ngome na dirisha vyake. Akapeleka mshale kwenye alama ya kushambulia. Ndipo akasikia pumzi ya dada yake shingoni.

"Endelea. Mpige mpwa wako mgongoni. Mimi niko hapa natazama."

"Dada, hebu toka nje kidogo."

"Sitoki."

Fundi Saa sasa ndiye aliyekuwa ameelekea ukutani. Hili hakulipanga, na moyo ulikuwa ukimdunda kuliko saa zote za mezani.

Mkasi aliinua kidole, akakishusha, akakiinua tena. Mwishowe alihifadhi mchezo pale ulipofika na kuzima kompyuta.

"Tufunge chumba. Nitaamua kesho asubuhi."

"Sawa," alisema dada yake, akichukua chupa ya chai. "Ulale salama, mjomba."