Mashini ya Kufukuza Bata

Papa Arlette, mume wangu, alibomoa redio yangu bila kuniuliza, akatengeneza mashini ya kulinda ndakala, visamaki ninavyoanika uani. Bata wakisogea tu, mashini inafoka kwa sauti aliyoirekodi mwenyewe: "Toka! Jana ulikula, leo tena?"

Jumapili mama yangu akaja kutusalimia. Papa Arlette akakimbilia chumbani, maana kwetu mwanaume haonekani mbele ya mama mukwe wake. Mama akaketi karibu na ndakala.

"Toka! Jana ulikula, leo tena?"

Mama akaruka. "Mukwe wangu ananifukuza?"

"Zima!" mume wangu akaninong'oneza dirishani. "Bonyeza kifungo chekundu, kiko chini ya kiti chake!"

Kifungo nilikijua. Kiti kile nilikiweka mimi juu yake.

"Fundi wa redio yangu njo wewe, si mimi," nikamujibu. "Toka uzime."