Safari Isiyochosha Mtu

"Kwenye safari yangu hachoki mtu," alisema Bewketu. Alikuwa amesimama juu ya bampa ya gari ili wageni wote wanane wamwone vizuri. "Miaka tisa naongoza watu mlima huu. Vituo vinne vya kutazama mandhari, kwenda na kurudi, kituo cha mwisho kiko juu ya mawingu. Hajakaa mtu chini. Hajahema mtu. Mimi mwenyewe nikirudi jioni nacheza mpira. Leo akichoka mmoja wenu, nambeba mgongoni mpaka mjini Debark."

Wageni walicheka. Bwana mmoja, Ato Fisseha, muuza mabati kutoka Addis Ababa, mwenye kilo mia na kumi na nane, alikishika kitambi chake kwa mikono miwili.

"Kijana, huo mgongo umeukatia bima?"

"Na yule pale?" aliuliza Mwalimu Alganesh, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na tano na sasa alitembea na fimbo. Aliielekeza fimbo kwa askari wa hifadhi, mzee aliyekaa juu ya gogo na bunduki mapajani, akihema.

"Gashe Mesafint hahesabiwi," alisema Bewketu. "Yule bunduki ndiyo inayomtembeza."

Gashe Mesafint, ambaye kila aliyezaliwa baada yake alimwita Gashe kwa heshima, alikohoa, akatema mate pembeni, akafunga kamba za viatu vyake. Utani huo alikuwa ameusikia kila siku ya kazi kwa miaka tisa.

Alichosema Bewketu kilikuwa kweli kwa upande wa wageni. Uchovu wao haukupanda nao mlimani. Ulibaki chini karibu na geti, kijijini Shimbra Meda, kwa wanawake wazee waliokaa kwenye kona ya kwanza ya njia wakiuza kofia za sufu na vikapu.

Ilianza mwaka ule njia ilipopitishwa hapo. Kwenye kona, mbele ya nyumba ya Emama Yeshareg, mama yake Bewketu, kuna jiwe lililojitokeza ardhini kimo cha vidole vitatu hivi. Mgeni akifika hapo, mlima unamfungukia mbele yake wote kwa mara moja. Anainua macho, na mguu unagonga jiwe. Sasa, kwa watu wa milima hiyo, mtu akijikwaa mbele yako unasema "Iwe mimi!" Maana yake ni kwamba heri baya hilo lingekupata wewe badala yake. Anaambiwa mtoto, anaambiwa mgeni, anaambiwa hata punda wa jirani. Husemwa kabla mtu hajafikiri, na kwa mamia ya miaka hakuna aliyejiuliza itakuwaje siku ombi likikubaliwa.

Kwenye kona ile lilikubaliwa. Mgeni alijikwaa, mwanamke akasema "Iwe mimi," na tangu hapo mpaka jioni mgeni alipanda kama unyoya huku mwanamke akihema penye kigoda chake, soksi zimelowa jasho. Wazee walijadiliana wakaona ni jambo linaloeleweka. Waliwaomba watu wa hifadhi waling'oe lile jiwe. Afisa alikuja, akalipima kwa futi, akaandika. Baada ya miezi mitatu jibu lilifika kwamba mawe yote ndani ya mipaka ya hifadhi yanalindwa na sheria. Mwaka uliofuata kipeperushi kiliandikwa upya: matembezi mepesi, yanafaa kwa kila umri.

Wanawake walijaribu kunyamaza. Walikaa wakitazama ukuta. Wakasikia kishindo cha kiatu, wakasema. Walijaza midomo shayiri ya kukaanga. Mfaransa mmoja akajikwaa, na shayiri ikamrukia mpaka kwenye ndevu. Mtu aliyelelewa vile hawezi kuliona anguko akakaa kimya, kama wewe usivyoweza kuzuia chafya. Basi wakazoea. Walikuwa kumi na wawili, na wageni hawakuwa wengi, kwa hiyo waligawana.

Asubuhi hiyo hawakuwepo. Kulikuwa na mazishi ng'ambo ya bonde, na katika chama cha kuzikana asiyekwenda kulia kwa wenzake atakuja kuliliwa na mbwa. Aliyebaki ni Emama Yeshareg peke yake, kwa sababu ya moyo wake. Mhudumu wa afya alikuwa amemwambia wazi: mgeni mmoja kwa siku, wawili kama ni wembamba.

Bewketu aliwaacha wageni wakipiga picha na geti, akakimbia mpaka kwa mama yake.

"Mama, leo ni wanane. Na mmoja ni Ato Fisseha."

"Mnene?"

"Ukimwona utadhani wamekuja tisa. Ingia ndani, Mama. Funga mlango, ziba masikio."

"Na mdomo nao niufunge kamba kama gunia?" alisema Emama Yeshareg, akiwa tayari anakokota kigoda chake. "Nenda zako. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo."

Alimtilia kipande cha mkate wa injera mdomoni kwa mkono wake, akaingia, akafunga mlango.

Bewketu alitandika gunia juu ya jiwe. Wageni walipofika alisimama kando yake akapiga kelele: "Jiwe hilo! Inueni miguu! Tazameni chini!" Lakini hapo ndipo mlima ulipofunguka, na hakuna aliyetoka Addis Ababa usiku kucha aje kutazama gunia. Walijikwaa mmoja baada ya mwingine. Ato Fisseha alijikwaa mara moja ila kwa kishindo. Mwalimu Alganesh alilikwepa kwa mguu wa kulia, akaligonga kwa wa kushoto. Bewketu, alipomaliza kuwahesabu, aligeuka kuwafuata, na ncha ya kiatu chake ikaligusa jiwe kidogo tu, kama ilivyoligusa kila asubuhi.

Nyuma ya mlango sauti ilisema "Iwe mimi" mara tisa.

Gashe Mesafint alipita wa mwisho. Alishika ukuta, akainua mguu juu kama mtu anayemvuka ng'ombe aliyelala, akapita.

Kufika kituo cha kwanza walitumia nusu saa. Nyani wenye vifua vyekundu walikuwa wamekaa majanini wakichuma nyasi kwa vidole, kama watu wanaochambua dengu. Ato Fisseha alipanda mteremko akiimba. Alikuwa amefungua vifungo vya koti, akasema tangu avuliwe ujana hajawahi kujisikia hivi, na kwamba angemleta mkewe ili aone. Nyuma kabisa Gashe Mesafint alikuja akisimama kila hatua ishirini, mkono kiunoni.

"Gashe, tukuitie punda?" alipaza sauti Bewketu.

"Niitie pumzi," alisema Gashe.

Kituo cha pili, Mwalimu Alganesh alimvuta Bewketu pembeni.

"Mwanangu, mimi nina magoti mabovu tangu mjukuu wangu wa kwanza azaliwe. Leo hayaumi. Maumivu yangu yamekwenda wapi?"

"Ni hewa safi, Mwalimu."

"Nimefundisha hewa miaka thelathini na tano. Haiko hivyo."

Bewketu alitazama chini. Toka hapo Shimbra Meda ilionekana yote, na nyumba ya mama yake ilikuwa ndogo kama kiberiti. Wanawake huwa wanakaanga kahawa saa hizo. Paa lake halikutoa moshi.

Alisema wingu linakuja, heri wageuze. Wageni walitazama anga, lilikuwa samawati toka pembe mpaka pembe. Alisema kituo cha tatu kimefungwa. Kijana mmoja mwenye kamera alimwonyesha watu waliosimama juu yake. Basi Bewketu akawaeleza ukweli: jiwe, mama yake, moyo, wanane kwa mmoja.

Walimsikiliza kwa adabu. Hakuna aliyeshangaa; kipeperushi kilisema safari ni nyepesi, na wepesi lazima utoke mahali.

"Masikini mama wa watu," alisema Ato Fisseha, na alisikitika kweli, machozi yalimlenga. "Mungu ampe afya. Kwani vimebaki vituo vingapi?"

"Viwili."

"Basi tusimwonee. Tukae dakika kumi, naye apumzike."

Wote walikubali kwamba hilo ni jambo la kiutu. Walikaa dakika kumi kamili kwa saa ya Ato Fisseha, ingawa hakuna kati yao aliyehitaji kukaa. Waligawana machungwa. Mmoja wao aliuliza kama mama anaonja pia machungwa. Bewketu alisema hapana, machungwa hayafiki.

Mwalimu Alganesh hakula. Alitafuta jiwe akajikwaa kwa makusudi, akajiambia mwenyewe "Iwe mimi!" kwa sauti ya darasani. Akatembea hatua tano, akatikisa kichwa. Magoti hayakuuma. Alijaribu mara tatu, mara ya tatu akachubua kidole.

"Hayarudi?" aliuliza.

"Hayarudi, Mwalimu. Wengine wameshajaribu."

"Basi mimi nakaa hapa hapa. Angalau maumivu yangu nisimwongezee."

Akakaa juu ya shuka lake, akawapa mgongo. Waliobaki saba waliinuka wakaenda kituo cha tatu, na Bewketu akatangulia mbele yao, kwa kuwa sheria ya hifadhi haimruhusu mwongozaji kuwaacha wageni peke yao penye genge kama la huko juu. Alijaribu kutembea polepole. Ato Fisseha alimpita.

Kituo cha tatu ndipo mashamba ya Shimbra Meda yalipokuwa kabla watu hawajashushwa chini ya mpaka. Kuta za mawe bado zipo. Ukuta mmoja ni wa Emama Yeshareg. Alimzaa Bewketu nyuma yake, wakati wa kuvuna shayiri. Tangu washushwe hajaruhusiwa kupanda. Kila siku miguu yake hufika hapo, na jioni visigino vyake huwa na ule udongo mweusi wa juu, lakini macho yake hayajafika kwa miaka kumi na miwili. Wageni walipiga picha ukutani. Kisha Ato Fisseha akasema kwamba mtu aliyefika cha tatu bila kwenda cha nne amefanya nini, na wakaenda cha nne. Huko alirukaruka mara kadhaa ili kijana wa kamera ampate akiwa hewani.

Walirudi saa kumi jioni. Wageni walipanda gari wakiwa wazima kama waliotoka kulala. Ato Fisseha alinunua kofia mbili kwenye kigoda kisichokuwa na mtu, akaziacha pesa chini ya kikapu. Mwalimu Alganesh alitaka kuingia kumwona mama, lakini dereva alikuwa anapiga honi. Aliiegemeza fimbo yake kwenye mlango wa Emama Yeshareg, akapanda gari bila fimbo, na hakuyumba.

Emama Yeshareg alikuwa amelala mkekani. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu na kifua kilipanda na kushuka kama cha mtu anayepandishwa kilima kwa kukimbizwa. Soli za miguu yake zilikuwa zimepasuka. Kwenye pindo la shuka lake jeupe zilinasa nyasi za kituo cha nne, zile ndefu zisizoota chini.

Bewketu alimwinua kichwa, akamnywesha maji. Yalimwagika zaidi ya yaliyoingia.

"Kule kwenye ukuta wangu," alisema Emama Yeshareg alipopata pumzi, "kumeota nini?"

"Maua, Mama. Ya manjano."

"Shayiri?"

"Hakuna shayiri."

Alifumba macho. Simu ya Bewketu ililia mfukoni. Ofisi ya safari ilimjulisha kwamba kesho ni wageni kumi na mmoja, saa mbili kamili, wengi wao wastaafu. Alijibu kwamba amepata ujumbe. Angeikataa kazi angeitwa mwongozaji mwingine, na njia ni ile ile.

"Wanane niliwatambua," alisema mama yake, macho bado yamefumbwa. "Kila mtu na magoti yake. Yule mnene alinirusha juu, ana nini? Na mmoja alikaa katikati ya njia, Mungu ambariki, nilipata nafasi ya kumeza mate. Lakini yuko wa tisa. Huyo huja kila siku, hata mvua ikinyesha. Hata siku za mgeni mmoja yupo. Ana miguu ya ujana, anakwenda mbele, anarudi nyuma kuangalia wenzake, anakwenda mbele tena. Hao wengine wanapita, Bewketu. Huyo ndiye anayenimaliza. Ni nani?"

Bewketu alikunja pindo la shuka la mama yake, akalikunjua.

"Labda ni Gashe, Mama," alisema. "Si unajua amezeeka."

Mlangoni kulikuwa na mtu. Gashe Mesafint alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa amevua viatu, kama mtu anavyovua penye mgonjwa, na ameshika kimoja kila mkono. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimetoka malengelenge, mengine yamepasuka leo hii.

"Mimi nachoka mwenyewe, Bewketu," alisema bila ukali. "Lile jiwe nalivuka. Na mimi ndiye natembea nyuma ya wote. Miaka tisa natazama miguu. Mtu aliyezaliwa huku, jiwe liko mlangoni kwa mama yake, analigonga kila asubuhi kwa kidole kile kile?"

Bewketu aliinuka upesi. Alikuwa na la kujibu, kwa kawaida huwa nalo. Lakini mguu wake ulipiga sinia la kahawa, vikombe vikalia, akayumba, akashika nguzo.

"Iwe mimi!" alisema Emama Yeshareg toka mkekani.