Kifua cha Mama Hakiingii Ndegeni

Miguu ya mama ilifika kwa ndege ya asubuhi, imevaa soksi za sufu na viatu vilivyofungwa kamba harakaharaka. Binti yake wa mwisho akaitilia saini kwenye kaunta, akaisimamisha kando ya benchi, akarudi dirishani kusubiri mikono. Mvua ilikuwa imekatika na lami ya uwanja ilikuwa inafuka mvuke. Nyuma yake kwenye foleni mwanamke mmoja alikuwa akidai bega la mumewe, akaambiwa liko njiani.

Binti huyo alikuwa mpanga ratiba wa shirika hilohilo la ndege. Zamani shirika lilikuwa na ndege kubwa, ikienda mji wa milimani asubuhi na kurudi jioni. Wakubwa wakapiga hesabu, wakaona abiria hapendi kusubiri: mpe nafasi ya kuchagua saa, atakuja kwako, mlazimishe saa moja, atakwenda kwa jirani. Ile kubwa ikaondolewa, zikaletwa ndogo, safari zikawa nyingi. Shirika jirani nalo likaleta ndogo zaidi na safari nyingi zaidi. Wakubwa wa binti hawakukubali kushindwa. Walivutana hivyo mpaka ndege zikawa zinaondoka kila baada ya dakika kumi, na hakuna hata moja iliyoweza kumbeba mtu mzima. Ndipo watu wakaanza kusafiri kwa vipande.

Walizoea upesi, binadamu hashindwi na kitu. Mfanyabiashara mmoja alituma mkono wa kulia tu ukatie saini mikataba, mwenyewe akabaki nyumbani akinywa chai kwa mkono wa kushoto. Wengine, vipande vyao vikishafika, vilijifunga vyenyewe kama vifungo vya shati, nao wakaita teksi. Malalamiko yalikuwa machache, hasa ya visigino kupotea.

Lakini mama alikuwa mgonjwa wa moyo. Daktari wa upasuaji alikuwa amesema kazi ifanyike leo, kesho itakuwa basi tena. Barabara ya milimani ilikuwa imekatwa na mafuriko. Kaka mtu alikuwa kulekule juu, akimpakia mama kipande kimoja kimoja.

Mikono ikafika. Kisha kikafika kichwa, kimefungwa mtandio, kimechoshwa na safari.

"Umekula?" mama akauliza.

"Nimekula, mama."

"Muongo wewe. Macho yamekuingia ndani." Akakunja uso. "Kifuani naona baridi. Wameniweka upepeni."

Binti akampigia kaka yake. "Kaka, mfunike mama, anasikia baridi."

Kule milimani kaka akavua koti lake, akakifunika kifua kilichokuwa kimelazwa kwenye toroli ya mizigo.

"Sasa afadhali," mama akasema.

"Mbona bado hakijapanda?" binti akauliza kwenye simu, akiwa amesogea pembeni.

"Hakiingii. Wameleta ndege mpya leo, mlango umekuwa mdogo tena. Nimejaribu kwa ubavu, nimejaribu kwa mgongo. Hakiingii, mdogo wangu. Fanya kitu, wewe ndiye wa ofisini."

Ndege hizo mpya alizipangia ratiba mwenyewe, na ofisi nzima ikampongeza. Akapanda ngazi mbio hadi kwa mkurugenzi. Kutoka dirisha la ofisi, ile ndege kubwa ilionekana imesimama pembeni mwa uwanja, injini zimefunikwa turubai. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho na akampa kitambaa afute machozi.

"Ile kubwa ikiruka, lazima nifute ndogo zote za mchana," akasema. "Watu watasubiri. Wakianza kusubiri, tumekwisha."

"Ni mama yangu, bosi."

"Najua, binti yangu. Ndiyo maana siwezi kukuacha hivihivi. Nitakuongezea safari."

Akaongeza kweli. Mchana ule ndege zilipishana angani kama nyuki mzingani, na zote zilitua kwa wakati. Binti aliikimbilia kila moja. Alijua kifua hakimo, maana kaka yake alikuwa bado amekaa nacho juu ya toroli, na bado alikimbia, kwa sababu kukaa chini kulimshinda. Mlango ulifunguliwa, yakatoka magoti ya watu, yakatoka mabega ya watu, ukafungwa. Alirudi kwenye benchi akihema, akashindwa kumtazama mama usoni.

Jioni kaka aliweka simu juu ya kifua. Binti akaisogeza ya kwake karibu na sikio la mama, wakasikiliza pamoja. Moyo ulipiga, ukasita, ukapiga.

"Umechoka huo," mama akasema. "Mwambie kaka yako achukue koti lake. Atapata mafua."

Moyo ukasimama upande ule wa simu, na upande huu mama akafumba macho.

Asubuhi shirika lilituma salamu za rambirambi na kutoa safari za bure za kumrudisha marehemu nyumbani. Mkurugenzi aliamua pia zile safari za nyongeza zibaki kwenye ratiba, maana abiria walizifurahia mno.

Kichwa kikatangulia, miguu ikafuata. Ilipofika zamu ya mikono, binti alikuwa ameketi nayo mapajani, ameishika yote miwili. Mhudumu alikuja kuichukua, akaona jinsi ilivyoshikwa, akasimama pale. Ndege ikaondoka bila hiyo mikono.

"Nisamehe," binti akasema. "Nimekuchelewesha."

"Wala usijali, dada," mhudumu akasema. "Nyingine inakuja sasa hivi."

Ikaja. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa, ikaondoka. Ikaja nyingine.