Chuma cha Bwana Mgumu Kwenye Maji ya Chumvi

Mkwe wangu alinihadithia haya Jumapili iliyopita, akinisuka nywele. Yeye hufanya kazi kwenye maabara ya kupima vyuma, na bosi wake wanamwita Bwana Mgumu.

Jina lilimkaa. Kwake yeye, chuma kinachokwaruzika si chuma, ni uji. Alikuwa ameshawatangazia watu wote, mpaka wakwe zake, kwamba bolti za daraja jipya la baharini zitakuwa za chuma chake. Kilichobaki ni kipimo tu: mashine ikunje kipande huku na huku, maji ya chumvi yakikidondokea.

Mpinzani wake katika kazi hiyo ya bolti alikuwa mdogo wake wa kike, mhandisi kama yeye. Dada huyo alipokwisha kuzamisha chuma chake cha moto kwenye mafuta, alikirudisha kwenye moto mdogo, akakiacha kitulie.

"Unadekeza chuma?" kaka akamcheka. "Kibebe mgongoni basi!"

"Nakitoa hasira, kaka. Chako kimenuna."

Bwana Mgumu chake alikipasha moto kupita kiasi, akakizamisha, basi. Kukirudisha motoni kungekipunguzia ugumu, na moyo wake haukukubali.

Kikavunjika kwenye mashine siku ya kwanza, kabla ya chai. Mkwe wangu akakitia kwenye hadubini, akamwita bosi aone. Chembe za chuma zilikuwa kubwa kubwa, kama mawe ya ukuta usio na udongo. Kutu ilitoboa kishimo, na ufa ukapita kati ya chembe na chembe bila hodi.

"Kosa ni la chumvi," akasema Bwana Mgumu. "Kausheni hayo maji."

"Daraja ni la baharini, bosi."

"Si wangelijenga pengine!"

Wakafunga kipande cha dada. Nacho kilipata kutu, ufa ukaanza, lakini kila ulipokwenda ulikuta chembe ndogo zilizoshikana, ukazunguka weee, ukachoka.

Bwana Mgumu akavuta kiti mbele ya mashine. "Sibanduki mpaka kivunjike."

Kesho yake kilikuwa kinakunjwa tu. Kesho kutwa vilevile. Dada akamletea chai.

"Kaka, kimeshavuka kipimo cha watu wa daraja tangu asubuhi. Nenda nyumbani."

"Kinakaribia. Nakiona usoni."

Mchana kidevu kikamwangukia kifuani, miwani ikateleza mpaka ncha ya pua. Dada akatoka nje kuwapigia simu watu wa daraja, akiongea chini chini, maana kaka yake alishaanza kukoroma.