Mwenye Mbwa

Kufikia saa tano Zacharie alikuwa amehesabu mbwa kumi na tisa na paka watatu tu katika mtaa mzima wa Mangobo, na jasho limelowesha karatasi. Wiki tatu baada ya zile siku sita ambazo mabomu yaliangukia mji, ofisi ya mifugo ilimtuma kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Mbwa aliye na mwenyewe ataandikwa na kuchanjwa. Asiye naye, Jumamosi askari watampiga risasi.

Mbele ya nyumba iliyong'oka paa alilala mbwa mwekundu. Zacharie alipokaribia, mbwa akasimama kuziba mlango, ingawa ndani palibaki majivu matupu. Mbavu zake zilihesabika. Loo, na bado alilinda! Zacharie akajikuta amevua kofia.

"Huyu iko bila mwenyewe," alisema kwa huzuni, akatafuta safu ya Jumamosi.

"Nani amekuambia?"

Alikuwa Mama Aziza, jirani, kashika sahani ya mabaki ya bugali. Mwislamu yule hakugusa mbwa. Tangu mabomu alikuwa akimsogezea chakula kwa fimbo.

"Bon, niandike iko wako, mama?"

"Hapana. Uongo sisemi. Andika Muhindo Léopold. Ndiye mwenyewe."

"Lakini nilisikia papa Muhindo alikufa. Bomu ilianguka mu salon ya nyumba yao."

"Karatasi inauliza kama iko muzima?"

Zacharie akaisoma upya. Haikuuliza.

"Mbwa munakuja kuhesabu," mama akasema, sauti ikikatika. "Watu wa hii nyumba, nani alikuja kuwahesabu?"

Zacharie akaiacha safu ya Jumamosi. Akaandika: Muhindo Léopold.

Majirani walikuwa wamesikia. Mmoja wao, Euphrasie, akaleta mbwa wa dada yake, marehemu Kanyere. Fundi mmoja akataja mwalimu, mke wa mwalimu na watoto wao wote wanne, waliokufa pamoja, kwa mbwa mmoja. Zacharie akayaandika majina yote sita. Watu walipanga mstari, wakitaja wafu wao taratibu ili asikosee herufi. Hakuwahi kuona kitu kama hicho.

Alasiri, katika ofisi ya mifugo mtaani Makiso, chef, mkuu wake, alifunua kurasa.

"Mangobo yote, hakuna hata mbwa moja bila mwenyewe?"

"Hata moja, chef."

Chef akagonga muhuri kila ukurasa, bila kusoma. Zacharie alisimama wima, kofia mkononi, mpaka ukurasa wa mwisho. Tangu mabomu, hakuna ofisi nyingine iliyokuwa imeyaandika majina yale.